Ekari ya Nne na Kitambaa cha Kompyuta

Hapo zamani, na msinikatize, zamani yangu siyo ile ya fisi kuvaa suruali. Ni zamani ya juzi tu, watu wana simu mifukoni na nguzo za umeme zimeshafika mpaka bondeni. Huko upande wa Njombe, kwenye baridi ya kumfanya mtu ajadiliane na nafsi yake kabla ya kuoga, aliishi mjane mmoja aliyeitwa Eselina. Watu walimwita Mama Obadia, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Mama Obadia alikuwa na watoto watatu, wote watu wazima, wote wanaishi katika ua mmoja. Wa kwanza ni huyo Obadia, fundi ujenzi, mtu wa kusema jambo kama lilivyo. Wa pili ni Tegemea, binti, karani wa chama cha wakulima wa viazi. Huyu neno likimfika kooni hulimeza, bora asimuudhi mtu. Wa tatu ni Lutengano, muuza parachichi, ambaye hajawahi kununua kitu ambacho jirani yake anacho.

Tabia mbalimbali, ugonjwa mmoja. Wote watatu walipenda gemu. Mpira wa kwenye kioo, mbio za magari, kujenga miji, kupigana na mazimwi, walikuwa radhi uwanyime chai lakini siyo gemu. Na kwa kuwa walipenda kitu kimoja, walikigombania. Ugomvi wenyewe ulikuwa huu: kipi ni nafuu, kuchezea kompyuta, au kuchezea ile mashine ya gemu inayochomekwa kwenye televisheni?

Obadia alisema, "Mashine. Unanunua mara moja, unachomeka, unacheza. Miaka saba huigusi."

Tegemea alisema, "Kompyuta, kaka. Mashine ni rahisi mlangoni tu. Ukishaingia ndani, kila hatua hela. Diski hela, kucheza na watu mtandaoni hela. Kwenye kompyuta gemu zinashushwa bei, nyingine wanakupa bure, na ukimaliza kucheza unaandika barua ya chama."

Lutengano alisema, "Zote nzuri. Tunaanza saa ngapi?"

Waligombana wakinywa chai. Waligombana wakipalilia viazi. Siku moja waligombana msibani, mpaka mchungaji akasimama na kuwatazama, ndipo wakakumbuka walipo. Mama Obadia alichoka. Alichoka kabisa.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo pana mali. Marehemu baba yao aliacha ekari nne za miti ya paina. Miti ilipokomaa, ekari tatu zilikatwa na kuuzwa, kila mtoto akapata fedha za ekari yake. Ekari ya nne ilibaki kwa jina la mama. Hiyo ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote, iko kwenye mteremko juu ya kijito, miti imenyooka na kunenepa. Kila mwenye msumeno aliyepita pale alisimama.

Mama akawaita watoto wake sebuleni. Akasema, "Nimechoshwa na kelele zenu. Kila mmoja atoe kwenye fedha zake milioni mbili na nusu, aziweke kando, ziwe za gemu tu. Anayetaka mashine anunue mashine. Anayetaka kompyuta anunue kompyuta. Mcheze miaka miwili, na mcheze mpaka moyo uridhike. Sitaki mtu ajinyime halafu aje aniambie ameokoa. Miaka miwili ikiisha tutakaa hapa hapa tuhesabu. Atakayekuwa ametumia kidogo kuliko wenzake, ekari ya nne ni yake."

Obadia akapiga makofi. Lutengano akacheka. Tegemea akanyamaza, na nitawaambia kwa nini. Ekari ya Obadia ilikuwa imeshageuka nyumba, bado milango tu na harusi. Ekari ya Lutengano ilikuwa benki, imelala salama. Ekari ya Tegemea ilikuwa imepotea, amebakiwa na hizo za gemu tu. Alinunua kiwanja kando ya barabara kuu, akapanda maua, akachimba msingi, kisha watu wa kupima wakaja wakauchora msingi wake alama ya X nyekundu. Kumbe aliuziwa hifadhi ya barabara, ardhi isiyojengwa nyumba. Aliyemuuzia hakuonekana tena. Kwa hiyo kwa wenzake ekari ile ilikuwa nyongeza, lakini kwa Tegemea ilikuwa nyumba. Aliitaka kuliko wote, wala hakumwambia mtu.

Basi wakaanza.

Obadia alinunua mashine mpya, milioni moja na laki tano, akaichomeka kwenye televisheni ya sebuleni. Alinunua diski moja kwa laki na nusu, akaicheza mpaka mwisho, akaiuza laki. Akanunua nyingine. Miaka miwili diski nne, kila moja imemla elfu hamsini tu. Akalipia na kucheza mtandaoni, laki moja kila mwaka. Alicheza, moyo ukaridhika.

Tegemea alikusanya kompyuta kipande kwa kipande, vingine vya mtumba, vingine vipya, vikafika kwa basi vimefungwa kwenye magodoro. Milioni moja na laki sita, ghali kuliko mashine ya kaka yake. Lakini baada ya hapo, angalieni! Gemu zilishushwa bei akanunua, zikatolewa bure akachukua. Miaka miwili yote gemu zilimgharimu laki moja tu. Alicheza, moyo ukaridhika.

Lutengano alinunua pedi, kile kishikio cha kuchezea chenye vitufe. Laki moja na elfu ishirini, inaingia kwenye mashine na inaingia kwenye kompyuta. Hakununua kingine. Jumatatu alicheza kwa kaka, Jumanne kwa dada, Jumatano kwa kaka, Alhamisi kwa dada. Alikuja na parachichi mbili mfukoni na kuondoka ameshiba ugali. Alicheza, moyo ukaridhika kuliko wote.

Ukafika mwezi wa sita, na mwezi wa sita kwetu huko sina haja ya kuwasimulia, majani yanaamka meupe kwa barafu. Kila mwaka Mama Obadia alinunua magunia ya mkaa ya kuotea moto. Mwaka ule aliingia chumbani kwa Tegemea kumuuliza jambo, akakuta chumba kina joto. Akatafuta jiko, hakuna jiko. Akasogeza mkono nyuma ya kompyuta.

"Mwanangu, kumbe kitu chako kinatoa joto!"

"Ndivyo ilivyo, mama. Ikicheza gemu kubwa inachemka."

Kuanzia siku ile Mama Obadia alihamishia kigoda chake huko. Binti anakimbiza magari kwenye kioo, mama anafuma vitambaa pembeni, miguu imeelekezwa kwenye kompyuta. Mkaa haukununuliwa mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Mama aliipenda kompyuta ile kama mjukuu.

Na ninyi mnawajua mama zetu. Mama wa kwetu akikipenda kitu, anakifumia kitambaa. Kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa, jagi la maji lina kitambaa chenye shanga. Mama Obadia alifuma miezi miwili. Alifuma vitatu, kwa uzi mzito wa sufu. Kimoja cha bluu cha mashine ya Obadia. Kimoja cheupe chenye mawaridi mekundu cha kompyuta ya Tegemea. Na kifuko kidogo cha pedi ya Lutengano, chenye kamba ya kuning'iniza shingoni.

Lutengano alivaa kifuko chake siku hiyo hiyo, akaenda nacho sokoni.

Obadia alisema, "Mama, hii mashine inapumua kwa nyuma. Ukiifunika inakufa. Kiondoe."

Alisema kweli, na alisema kama anavyosema mbele ya tofali lililopinda. Mama akakiondoa, akakikunja. Wiki nzima alimwekea Obadia ugali mezani bila kumwambia karibu. Wiki nzima alimmiminia chai kikombeni akitazama dirisha. Jamani, mnalijua lile tonge linaloshuka kooni bila mtu kusema neno?

Tegemea aliyaona yale. Akapokea kitambaa chake kwa mikono miwili, akapiga goti. "Asante mama. Kizuri mno." Akawa akiwasha kompyuta anakiinua, akizima anakirudisha. Anakiinua, anakirudisha. Mwaka na miezi alifanya hivyo bila kusahau hata siku moja, na mama yake aliridhika kabisa.

Hata ikafika Jumamosi moja mchana, zamu ya Mama Obadia kupokea wanawake wa kikoba, kile kikundi chao cha kuchanga na kukopeshana. Tegemea alikuwa katikati ya mbio za magari. Mama akaita, "Sukari imeisha, na wageni wako njiani!" Tegemea akasimamisha gari lake kwenye kona, akaacha kompyuta inaunguruma, kitambaa kimeinuliwa, akatoka mbio dukani. Wageni wakafika kabla yake. Mama Obadia, akiwapitisha kuwaonyesha chumba chenye joto, akaiona kompyuta iko uchi mbele za watu. Akaona aibu. Akaifunika vizuri, akachomeka pembe zote chini, kama hotipoti ya wali.

Obadia na Lutengano walikuwa sebuleni wakicheza mpira. Harufu ndiyo iliyowaita. Obadia alichomoa waya, Lutengano akainua kitambaa, na chini yake hewa ilikuwa ya moto kama ya tanuri la mikate. Kompyuta ilikuwa imekata roho sehemu moja, kadi ya picha, ile inayochora gemu kwenye kioo. Tegemea akarudi na sukari yake. Akakitazama kitambaa. Akaitazama kompyuta.

Mama akauliza, "Imekuwaje, mwanangu?"

Tegemea akasema, "Umeme, mama. Si unaujua umeme wetu."

Akawatazama kaka na mdogo wake kwa jicho ambalo halikuhitaji maneno. Wakanyamaza. Kadi nyingine iliagizwa, laki nne na nusu. Tegemea aliilipia mwenyewe, na siku ile aliingia stoo ya viazi akalia, kisha akanawa uso.

Miaka miwili ikaisha. Mnunuzi wa miti akaja na kamba yake ya kupimia, akaizunguka ekari ya nne, akakubali bei. Akaacha karatasi ya mauziano. "Mama, hapa liandikwe jina moja la mwenye shamba. Jumatatu asubuhi napitia kwa mwenyekiti kugonga muhuri."

Jumapili, baada ya ibada na baada ya kula, wakakaa sebuleni. Karatasi mezani, kalamu juu ya karatasi.

Obadia akasema, "Mashine milioni moja na laki tano. Diski, nikitoa nilizouza, laki mbili. Mtandaoni laki mbili. Jumla milioni moja na laki tisa."

Tegemea akasema, "Kompyuta milioni moja na laki sita. Gemu laki moja. Hapo milioni moja na laki saba." Akakunja kidole kingine. "Kadi iliyoungua laki nne na nusu. Jumla milioni mbili, laki moja na hamsini."

Lutengano akasema, "Pedi laki moja na ishirini." Akakunja mikono kifuani, kifuko shingoni.

"Ala!" Obadia akaruka. "Wewe umecheza kwenye mashine yangu, diski zangu, mtandao wangu! Kama sote tungefanya kama wewe, tungekuwa watu watatu na pedi tatu tumekaa tunatazama ukuta!"

"Sharti lilisema atakayetumia kidogo," alijibu Lutengano. "Halikusema kwa chombo cha nani. Na wewe kaka, mpira ungecheza na nani? Jumatatu zote hizo ungemfunga nani? Mimi ndiye niliyekupa raha ya hiyo milioni na laki tisa."

Mama akamgeukia binti. "Nawe Tegemea, unasemaje?"

"Sina neno, mama. Umeme ndio ulioniangusha."

Akainamisha uso. Sasa Lutengano, pamoja na uchoyo wake wote, hana kifua cha kuficha jambo. Alimtazama dada yake ameinama vile, akajisikia vibaya. Neno likamtoka kabla hajalishika.

"Mama, haikuwa umeme. Ni kile kitambaa. Uliifunika inawaka, siku ile ya kikoba."

Tegemea alifumba macho.

Mama Obadia akakitazama kifuko shingoni mwa Lutengano. Halafu mabega yakaanza kutikisika, wakadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani. "Yaani nimefuma miezi miwili, halafu nikaichoma mwenyewe! Mbele ya kikoba kizima! Na wewe mtoto, mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje, mama? Kaka alikwambia, ukamnunia wiki nzima."

"Obadia, nawe ulijua?"

"Nilijua."

"Ukanyamaza?"

"Nilisema kweli mara moja, mama, nikala ugali wa kimya siku saba. Mara ya pili niliogopa."

Mama akacheka tena, na safari hii hata Tegemea akacheka, na kicheko kikamtua jiwe alilolibeba miezi yote ile. Akainua uso, akasema, na mara hii hakumeza.

"Basi nami nidai changu. Ile kadi haikuuawa na kompyuta. Iliuawa na heshima yangu kwako, mama. Toeni laki nne na nusu, nimetumia milioni moja na laki saba, kaka nimemshinda. Na kompyuta hiyo imekuotesha moto miaka miwili bila gunia la mkaa. Imeandika kadi za michango ya harusi ya kaka bila yeye kutoa hata mia. Mashine yake imeandika nini? Na mdogo wangu hakuokoa kitu, alihamisha tu gharama zake kwetu."

Obadia akasema, "Dada, kadi za harusi nakushukuru. Lakini hata mimi nilifumiwa kitambaa, uzi ule ule, mama yule yule. Chombo kinahesabiwa pamoja na kukitunza. Wewe ulichagua kunyamaza, ni haki yako, lakini kunyamaza kulikuwa na bei, na bei hiyo ni laki nne na nusu. Mimi nilisema. Nilinuniwa, nikalipa kwa wiki ya upweke, mashine yangu ikapona. Kwa nini mwenye kusema kweli ashindwe na mwenye kuificha?"

Lutengano akasema, "Ninyi mnabishana nani wa pili. Laki moja na ishirini ndiyo ndogo, hata mtoto wa chekechea anaona. Na siri nani ameitoa? Ningefunga mdomo, karatasi ingekuwa na jina langu sasa hivi. Nimeulipia ukweli huu kuliko ninyi wote."

Mama akawasikiliza mmoja mmoja. Alikuwa na furaha, kwa kweli, maana miaka miwili watoto wake walikuwa wamecheza pamoja karibu kila siku, na hata huku kugombana kwao kulikuwa na kicheko ndani yake. Lakini alishika kalamu, na kalamu ilikuwa nzito.

Obadia akasema, "Gawa mara tatu, mama, yaishe."

"Sigawi," alisema mama. "Nilisema ni ya mmoja. Nikigawa, mtasema hakuna aliyeshinda, na kesho mtaanza tena kompyuta, mashine, kompyuta, mashine. Na mnunuzi anataka jina moja."

Akavaa miwani. Akaanza kwa Lutengano: ametumia kidogo, sharti ni sharti, lakini je, mtu anaokoa fedha au anaokolewa? Akaja kwa Obadia: ametumia chake, amelinda chake, lakini je, laki mbili na nusu za ushindi wake si mimi niliyempa kwa kumchomea dada yake? Akaja kwa Tegemea: nikimpa, nampa kwa hesabu au nampa kwa kuwa najionea haya? Na nisipompa, si nitakuwa nimemlipisha nyumba kwa sababu alikataa kuniumiza?

Enyi mliokaa hapa, msitazamane, wala msinitazame mimi. Mimi hadithi nimeimaliza, sina jibu mfukoni. Kesho ni Jumatatu. Mnunuzi anakuja na msumeno, mwenyekiti ana muhuri, na mahali pa jina bado ni peupe. Mwenye kutumia kidogo kwa mali za wenzake, mwenye kuokoa chake kwa kusema kweli, na mwenye kupoteza chake kwa kumstahi mama: je, aandikwe nani?